Maxwell, laini, kilolaini, weber: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vizio vya zamani vya flaksi ya sumaku

Ukurasa huu ni wa mafundi wanaosuka koili, wanafunzi wa umeme waliorithi vitabu vya zamani, na yeyote aliyekuta kwenye karatasi ya spika au kibati cha mashine kizio ambacho simu yake haikitambui. Vitabu hivyo vya zamani navipenda. Vinaeleza transfoma kwa utulivu ambao siku hizi ni adimu, na ni hasara kubwa kukitupa kitabu kizuri kwa sababu ya vizio vyake. Ukishika namba mbili tatu na kujua zimetoka wapi, utavisoma bila shida.

Flaksi ya sumaku ni kitu gani, na mbona kuna vizio vya aina mbili?

Weka karai uani mvua inaponyesha. Ukali wa mvua ni jambo moja, na maji yote yanayoingia karaini ni jambo jingine. Karai kubwa kwenye manyunyu linaweza kupata maji mengi kuliko kikombe kwenye mvua ya masika. Ukiliinamisha karai, linapata kidogo. Ukilisimamisha wima kwa ukingo wake, halipati kitu.

Flaksi ni yale maji yote: jumla ya sumaku inayopita ndani ya eneo fulani. Ukali wa mvua ndio msongamano wa flaksi. Flaksi hupimwa kwa maxwell, laini, kilolaini au weber. Msongamano hupimwa kwa gauss, tesla, au laini kwa inchi ya mraba. Huwezi kugeuza gauss kuwa weber mpaka ujue eneo, kama usivyoweza kusema karai lina lita ngapi kwa kuisikiliza mvua tu. Maswali mengi ninayopata huishia hapa: mtu ana gauss mkononi, anatafuta weber, na hajapima eneo.

Namba ya kukariri ni ipi?

Weber 1 ni maxwell 100,000,000, yaani 10⁸. Maxwell 1 ni weber 10⁻⁸. Nyingine zote zinafuata humo:

laini 1 = maxwell 1
kilolaini 1 = maxwell 1,000 = mikroweber 10
megalaini 1 = maxwell 1,000,000 = weber 0.01
maxwell 1 = gauss 1 × sentimita 1 ya mraba
tesla 1 = weber 1 kwa mita ya mraba = gauss 10,000

Kupata picha ya udogo wa maxwell, fikiria fremu ya dirisha ya mita moja kwa mita moja. Nguvu ya sumaku ya dunia katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki ni takriban gauss 0.33. Ukiielekeza fremu hiyo ikabili uga moja kwa moja, ndani yake zinapita maxwell 3,300 hivi. Kwa weber ni sehemu thelathini na tatu tu za milioni ya weber moja, yaani mikroweber 33. Ndiyo maana wazee walipenda maxwell: iliwapa namba nzima wanazoweza kuzitaja kwa mdomo.

Kwa nini 10⁸? Mbona si 1,000 au milioni?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake halimo kwenye sumaku. Limo kwenye betri.

Wanasayansi wa karne ya 19 walijenga vizio vyao juu ya sentimita, gramu na sekunde. Katika mfumo huo, kizio cha msukumo wa umeme kilitoka kidogo mno, hata betri ya kawaida ikawa na vizio zaidi ya milioni mia moja. Hakuna fundi wa telegrafu ambaye angefanya kazi na namba hizo. Kamati ya British Association, jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza, ambayo James Clerk Maxwell mwenyewe alikuwa mjumbe wake, ikachagua kizio cha kazi kilichokuwa kikubwa mara 10⁸, kwa sababu kiliangukia karibu na betri ya Daniell, betri iliyotegemewa kwenye telegrafu za wakati huo. Betri hiyo inatoa takriban volti 1.1. Kizio hicho ndicho volti, na mkutano wa kimataifa wa umeme wa Paris wa 1881 ukakithibitisha.

Sasa rudi kwenye sumaku. Faraday alionyesha kwamba flaksi ikibadilika ndani ya mzunguko wa waya, umeme unazaliwa. Maxwell 1 ikitoweka kwa sekunde 1 kwenye mzunguko mmoja, unapata kile kizio kidogo cha msukumo. Ili upate volti 1 kamili, lazima zitoweke maxwell 10⁸ kwa sekunde. Jumla hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa weber, na ndiyo maana weber 1 ni volti 1 mara sekunde 1. Ukikuta kitabu kimeandika flaksi kwa volti-sekunde, usihangaike kugeuza: ni weber ileile kwa jina jingine.

Majina haya yalianza lini?

Jina la maxwell lilikubaliwa mwaka 1900, katika mkutano mwingine wa Paris. Weber ilikubaliwa na tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme mwaka 1935, kwa heshima ya Wilhelm Weber, aliyefanya kazi na mwanahisabati Carl Friedrich Gauss huko Göttingen, Ujerumani, na kutandika naye waya wa telegrafu mwaka 1833. Mfumo wa SI, yaani mfumo wa kimataifa wa vizio, ulipopewa jina lake mwaka 1960, tesla nayo iliingia rasmi.

Angalizo moja kwa wanaosoma maandishi ya kale kabisa: kabla ya 1881, jina la weber lilitumika kwa mkondo wa umeme au kwa chaji. Ukikutana na “weber” kwenye makala ya miaka ya 1870, usiigeuze kuwa maxwell. Soma kwanza uone inazungumzia nini.

“Laini” kwenye vitabu vya Kiingereza ni mstari gani huo?

Ni mistari ya nguvu ya Michael Faraday. Nyunyiza unga wa chuma kwenye karatasi iliyo juu ya sumaku, ugonge karatasi kwa kidole, utaiona ikijipanga. Wahandisi waliounda dainamo za kwanza waliichukua picha hiyo na kuanza kuhesabu: nguzo hii ina laini milioni mbili, ile milioni tatu. Hakuna laini za kuhesabika ndani ya chuma, lakini kama kizio ni sahihi kabisa: laini 1 ni maxwell 1. Wamarekani waliishikilia muda mrefu kuliko wengine, wakaongeza kilolaini na megalaini.

Kitabu changu kinasema “kilolines per square inch”. Nifanyeje?

Hapa punguza mwendo, maana maxwell yenyewe haijamuunguzia mtu transfoma. Inchi ndiyo inayounguza.

Inchi 1 ni sentimita 2.54, hivyo inchi ya mraba ni sentimita za mraba 6.4516. Laini zilizotandazwa kwenye inchi ya mraba ni za kugawanya kwa 6.4516 ili upate gauss, au za kuzidisha kwa 0.155, ambayo ni hesabu ileile. Kwa hiyo:

kilolaini 1 kwa inchi ya mraba = gauss 155 = tesla 0.0155
tesla 1 = kilolaini 64.5 kwa inchi ya mraba

Ile 64.5 iandike kwa kalamu ya wino kwenye jalada la kitabu. Ukiona kitabu kinapendekeza kilolaini 65 kwa transfoma ndogo, ujue kinasema tesla 1.

Ukizichanganya kilolaini za inchi na kilogauss, makosa yanakwenda pande mbili. Ukisoma kilolaini 65 kama kilogauss 65, utapata tesla 6.5, na chuma cha transfoma hakibebi hata theluthi moja ya hiyo kabla ya kushiba. Kosa hili hujitangaza lenyewe. La upande wa pili linakuja kimya: umeambiwa kilogauss 10, wewe ukachukua kilolaini 10 kwa inchi. Utasuka mizunguko mara sita na nusu ya inayotakiwa, na utagundua tu pale waya utakapojaa dirisha la kiini na robo ya kazi haijafika.

Kwenye fomula ya transfoma naona 10⁻⁸ mwishoni, kwenye kitabu kipya haipo. Kipi kimekosea?

Vyote viko sawa. Kitabu cha zamani kinaandika

E = 4.44 × f × N × Φ × 10⁻⁸

na Φ ni flaksi kwa maxwell; E ni volti, f ni hezi za umeme, N ni idadi ya mizunguko ya waya. Kitabu kipya kinaandika E = 4.44 × f × N × Φ, na Φ ni weber. Ile 10⁻⁸ ni ugeuzaji wa kizio uliopachikwa ndani ya fomula. Hatari inakuja ukigeuza flaksi kuwa weber kisha ukaiacha 10⁻⁸ mahali pake. Umegeuza mara mbili. Geuza mara moja: ama kwenye flaksi, ama kwenye fomula.

Nieleze kwa mfano ulionigharimu. Transfoma yangu ya kwanza niliisuka kwa jedwali la kitabu cha Kimarekani. Kiini kilikuwa cha bati zenye umbo la herufi E na I, ulimi wa kati inchi 1.5, na bati zimepangwa hadi unene wa inchi 1.5. Eneo ni inchi za mraba 2.25. Kwa kilolaini 65 kwa inchi, flaksi ni kilolaini 146.25, yaani maxwell 146,250, au weber 0.0014625. Ugeuzaji nilikuwa nimeupatia. Jedwali likanipa mizunguko 2.57 kwa kila volti, nikasuka mizunguko 590 kwa volti 230.

Nilipoiwasha ilivuma kama nyuki kwenye mzinga. Baada ya nusu saa mkono haukukaa juu yake, na harufu ya vanishi ikajaa chumba. Nilikagua maxwell, nikakagua inchi, sikuona kosa. Kosa lilikuwa kwenye f. Jedwali lilitengenezwa kwa umeme wa Marekani wa hezi 60. Wetu ni hezi 50. Kwa mizunguko ileile na volti ileile, flaksi ilipanda kwa asilimia 20, kutoka kilolaini 65 hadi 78 kwa inchi, yaani kutoka tesla 1 hadi 1.2. Ukikumbuka kuwa kati ya bati na bati kuna vanishi na hewa, chuma chenyewe kilikuwa kinabeba zaidi ya hapo, na bati zile zilikuwa za bei nafuu. Hesabu ya hezi 50 inataka mizunguko 3.08 kwa volti, yaani 708 kwa volti 230. Niliifungua, nikaisuka upya kwa 708, ikatulia.

Tangu siku hiyo, nikikuta jedwali la “mizunguko kwa volti” kwenye kitabu cha zamani, natafuta kwanza hezi zake ndipo nitazame vizio.

Nimekutana na “Kapp lines”. Hizo nazo ni laini za kawaida?

Hapana, na ukizichukulia kama laini za kawaida utakosea mara elfu sita. Gisbert Kapp, mhandisi mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Uingereza, alitumia laini yake mwenyewe: laini 1 ya Kapp ni maxwell 6,000, au mikroweber 60.

Namba hiyo ilikuwa na sababu nzuri. Dainamo huhesabiwa kwa mizunguko kwa dakika, na fomula inataka kwa sekunde, kwa hiyo kila mara kuna kugawanya kwa 60. Kapp aliimeza ile 60 ndani ya kizio. Kwa dainamo ya nguzo mbili, zidisha laini za Kapp kwa idadi ya waya zinazozunguka rota kwa mizunguko ya dakika, kisha ondoa sufuri sita, na volti ndizo hizo. Laini za Kapp 400, waya 300, mizunguko 900 kwa dakika: volti 108. Ukitaka kuhakiki kwa njia ya leo, laini za Kapp 400 ni weber 0.024, mara 300, mara mizunguko 15 kwa sekunde. Jibu ni 108 vilevile. Natamani waunda vizio wote wangemfikiria fundi kwa namna hiyo.

Karatasi ya spika ya zamani inasema “13,000 gauss, total flux 150,000 maxwells”. Maana yake nini?

Namba ya kwanza ni msongamano kwenye upenyo mwembamba anamotembea koili: tesla 1.3. Ya pili ni flaksi yote inayovuka upenyo huo: miliweber 1.5. Usizigeuze moja kuwa nyingine, kwa maana zimepimwa kwa mambo mawili tofauti. Ukiwa unalinganisha spika mbili zenye gauss sawa, iliyo na maxwell nyingi zaidi ina upenyo wenye eneo kubwa zaidi, na sumaku yake ina kazi kubwa zaidi.

Nahamisha kanda za redio kwenda kwenye kompyuta. Kanda ya kupimia imeandikwa “32 mM/mm”.

Hiyo ni millimaxwell 32 kwa kila milimita ya upana wa kanda. Zidisha kwa 10 upate nanoweber kwa mita: 320. Hiyo 320 ndiyo kiwango cha Kijerumani utakachokiona kwenye mashine mpya zaidi. Kwa njia hiyohiyo 25 inakuwa 250, na 20 inakuwa 200, kiwango kilichotumika kuweka Dolby, mfumo wa kupunguza kelele, kwenye kaseti. Kwa wanaookoa kanda za kale za redio zetu, kosa hapa linaharibu kiwango cha sauti ya mkusanyiko mzima, kwa hiyo hakikisha unajua kanda yako ya kupimia ni ya kiwango kipi kabla ya kugusa skrubu yoyote.

Je, “unit pole” ni kizio cha flaksi?

Baadhi ya majedwali hukihesabu hivyo. Nguzo moja ya kizio hutoa laini 4π kuizunguka pande zote, hivyo ni maxwell 12.566, au weber 1.2566 × 10⁻⁷.

Gauss na oersted zina uhusiano gani na haya?

Gauss ni ya msongamano wa flaksi. Oersted ni ya nguvu ya uga inayosukuma flaksi hiyo. Hewani namba zake zinalingana, ndani ya chuma zinaachana mbali. Oersted 1 ni ampea 79.58 kwa mita. Tatizo ni kwamba jina la oersted lilikubaliwa mwaka 1930, na kabla yake vitabu vingi viliita vyote viwili gauss. Kitabu cha 1910 kikisema chuma kimewekwa kwenye “gauss 50” na kutoa “gauss 12,000”, ile ya kwanza ni oersted.

Maxwell imekufa?

Darasani karibu imekufa. Kwa wanaochunguza jua iko hai kabisa. Tangu George Ellery Hale alipogundua mwaka 1908 kwamba madoa ya jua yana sumaku, wanaastronomia wamebaki na gauss na maxwell. Kundi kubwa la madoa hubeba flaksi ya kiasi cha maxwell 10²². Upande mwingine wa ukubwa, kwenye vipitishi visivyo na ukinzani, flaksi huja kwa vipande vya ukubwa mmoja usiogawanyika, na kila kipande ni maxwell 2.07 × 10⁻⁷, yaani weber 2.07 × 10⁻¹⁵.

Ni kweli kwamba tangu 2019 ile 10⁸ si kamili tena?

Kwa kanuni, ndiyo. Mabadiliko ya SI ya Mei 2019 yaliifanya namba ya sumaku ya ombwe, ambayo zamani ilikuwa 4π × 10⁻⁷ kwa ufafanuzi, kuwa kitu cha kupimwa, na uhusiano kati ya mfumo wa zamani na mpya unaipitia namba hiyo. Tofauti inayoweza kuwepo ni ya kiwango cha sehemu moja kwa mabilioni. Kwa fundi, mwanafunzi na hata maabara nyingi, andika 10⁸ ulale usingizi.

Nimemaliza kugeuza. Nitajuaje kwamba nimepatia?

Pima. Kabla ya kufunga transfoma kabisa, zungushia kiini mizunguko 10 ya waya mwembamba wenye vanishi nzima, juu ya koili zilizopo. Washa transfoma kupitia taa ya balbu iliyounganishwa kwa mfuatano, na taa isipowaka kwa nguvu, ondoa umeme, itoe taa kwenye njia, kisha washa tena na upime volti za zile mizunguko 10 kwa multimita iliyowekwa AC.

Tuseme imesoma volti 3.2. Gawanya kwa 4.44, kwa 50, kwa 10, upate weber 0.00144. Zidisha kwa 10⁸, ni maxwell 144,000, yaani kilolaini 144. Gawanya kwa inchi za mraba 2.25: kilolaini 64 kwa inchi. Kitabu kilitaka 65.